Kinyozi Hajinyoi: Nasaha kwa Wenye Biashara Ndogo za Matangazo



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, leo tuzungumze na wale waliofungua, ama wanaotaka kufungua, biashara ndogo ya matangazo. Ni ile kazi ya chumba kimoja na kompyuta moja: vibao, mabango, stika, fulana na kadi. Wengi huianza kwa pesa za chama au akiba ya mzazi. Wapo wanaofunga mapema, na si kwamba ufundi hawana. Wateja ndio hawaji. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wewe watangaza biashara za watu. Yako je, nani aijua?

Kwanza, itazame leso ya "Mali ya Abdulla", ya Kaderdina Hajee Essak wa Biashara Street, Mombasa. Mbali na jina la leso lenyewe, pembeni mna alama ya mwenye mali. Mama akijifunga leso ile Lamu ama Nairobi, ashalitangaza duka bila ya kulipwa senti. Basi nawe mwombe mteja ruhusa, uweke jina lako na nambari ya simu pembeni mwa kila kazi, kwa herufi ndogo. Na kazi mbovu usiitoe, maana nayo itakutangaza.

Pili, usiwakimbilie watu wote. Chagua mtaa mmoja, au aina moja ya wateja. Muuza mahamri hana haja na bango. Haja yake ni wapita njia wasimame. Ukimwendea, usimwambie, "Nachapisha mabango." Mwambie, "Mama, wanaoshuka matatu hawakioni kibao chako, kimeelekea ukutani." Baada ya wiki mbili rudi umuulize wateja wamezidi wangapi. Jibu lake ndilo litakalokuuzia kwa jirani yake.

Tatu, nenda na kalenda. Ramadhan hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na wafanyabiashara wengine hushtukia Idd imefika. Mwenye duka la kanzu na mabuibui mwendee katika Shaaban, usingoje siku 3 za mwisho. Na mambo yakibadilika, uwe macho. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya Agosti 2017, majina ya maduka yaliyochapishwa juu yake yalipotea mikononi mwa watu. Aliyeweza kuchapisha mifuko ya nguo alikuwa na neno la kumwambia kila mwenye duka.

Nne, usishindane kwa bei peke yake. Ukishusha leo, jirani atashusha kesho, mwishowe nyote mwafanya kazi bure. Shindana kwa kutimiza siku uliyoahidi. Na chukua arbuni, hata kwa binamu yako. Tuseme bango ni shilingi 3,000 na vifaa vyake ni 1,400. Arbuni ya 1,500 yakuacha salama hata mwenyewe asiporudi. Kabla ya kutundika kibao barabarani, uliza kibali cha kaunti. Kibao kikishushwa, ni jina lako lililoshushwa.

La mwisho ndilo zito. Mteja atakuambia, "Andika nusu bei," nawe wajua bei aliipandisha jana. Tukumbuke Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini kuna majimaji, akamuuliza muuzaji kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona. Bango lako ndilo juu ya lundo. Hata sheria ya Kenya ya kumlinda mnunuzi, ya mwaka 2012, yakataza maelezo ya kupotosha. Kuikataa kazi ile ni hasara ya siku moja. Lakini mtaa ukishajua kwamba maneno ya mabango yako si ya kuaminika, utauza nini tena?