Maji ya Mlimani na Daftari la Kamati



Tarehe 28 Aprili 1987, katika milima ya kaskazini mwa Nikaragua, mhandisi wa Kimarekani Benjamin Linder, mwenye umri wa miaka 27, alikuwa kando ya kijito akijenga kizuizi kidogo cha kupimia maji. Alitaka kujua kama kijito kile kingeweza kuendesha mtambo wa umeme wa mji mdogo wa San José de Bocay. Wapiganaji wa Contra, waliokuwa wakisaidiwa na serikali ya Marekani, walimshambulia na kumwua pamoja na Wanikaragua wawili aliokuwa nao kazini, Sergio Hernández na Pablo Rosales.

Habari hiyo ilienea duniani kwa sababu ya siasa. Kwa mwanaushirika, jambo la kuzingatia zaidi ni lile lililofuata. Wenzake hawakuiacha kazi, na mtambo wa Bocay ulikamilika mwaka 1994. Jumuiya yenye jina lake, iitwayo kwa kifupi ATDER-BL, iliendeleza umeme na maji ya bomba katika vijiji vya milima ile. Mwaka 1997, huko Portland, mji walikoishi wazazi wake, likaundwa Green Empowerment, shirika lisilotafuta faida. Shirika hilo hutafuta fedha na utaalamu, lakini hufanya kazi kupitia jumuiya za wenyeji, nao wanakijiji huchimba mitaro, hubeba mabomba na huchagua kamati yao.

Hesabu ya umeme wa maji haina uchawi. Lita 50 za maji kwa sekunde zikishuka kutoka urefu wa meta 20 zina nguvu ipatayo kilowati 10. Ikitolewa ile inayopotea katika bomba na mashine, hubaki nusu au zaidi kidogo. Hiyo yatosha taa za kijiji kidogo na jokofu la chanjo la zahanati; kila nyumba ikitaka kupikia, haitoshi kabisa. Tena msitu wa juu ukifyekwa, kijito hupungua wakati wa kiangazi, na masika tope hujaza banio na kulila gurudumu la mtambo. Kwa hiyo anayelima juu ya chanzo ni mshirika wa mradi hata kama nyumba yake haina taa, na kamati isiyozungumza naye inajidanganya.

Maji ya kunywa kutoka chemchemi ya mlimani ni nafuu zaidi kuendesha: chemchemi hujengewa, bomba huteremka lenyewe hadi kwenye tangi, wala hapahitajiki dizeli. Lakini mpira wa koki huchakaa. Ni kitu cha bei ndogo sana, na bado koki nyingi zilizofunguliwa kwa ngoma na hotuba zimekauka kwa kukosa mpira huo, maana mfadhili alileta bomba na hakuna aliyeweka mfuko wa matengenezo. Kosa kubwa ni kupanga ada kwa kutazama gharama za mwaka wa kwanza, wakati kila kitu ni kipya. Ada ya haki hutazama mwaka wa kumi, na mkutano mkuu ndio unaoamua nani asamehewe, si mweka hazina peke yake.

Nikaragua ililitambua jambo hili kisheria. Sheria Namba 722 ya mwaka 2010 ilizipa kamati za maji za wananchi njia ya kuandikishwa na kutambuliwa rasmi. Kabla ya hapo nyingi zilihudumia watu kwa miaka mingi bila hadhi yoyote mbele ya sheria. Katibu anajua tofauti ilivyo kati ya fedha za chama na fedha zilizomo mfukoni mwa mtu mmoja.

Chama kinachofikiria mradi kama huo kinaweza kuanza kabla mfadhili hajafika. Kwa chemchemi ndogo, ndoo ya lita 20 na saa ya mkono vyatosha. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa usiku na mchana. Kipimo kifanywe mwishoni mwa kiangazi, maji yanapokuwa machache kuliko wakati wote, kiandikwe daftarini pamoja na tarehe, na kirudiwe kila mwaka mahali pale pale.