Fedha Mkononi mwa Kondakta: Kwa Nini Miradi ya Kidijitali Hukwama

Mwaka 2013 Google, ikishirikiana na Equity Bank, ilileta Nairobi kadi ya kulipia nauli iitwayo Beba Pay. Abiria aliiwekea salio, akaigusisha kwenye simu ya kondakta, nauli ikakatwa papo hapo. Teknolojia yenyewe haikuwa na kasoro kubwa, na waliosimama nyuma yake hawakupungukiwa mtaji wala wahandisi. Serikali ya Kenya nayo iliongeza msukumo, ikitaka magari ya abiria yaache kupokea taslimu kuanzia Julai 2014. Tarehe ilifika nauli zikiendelea kulipwa kwa noti na sarafu. Ikasogezwa mbele, na bado hali ikawa ile ile. Mwaka 2015 Beba Pay ilifungwa.

Lawama nyingi zilielekezwa kwenye mambo ya kiufundi: kadi za kampuni mbalimbali hazikusomana, na kuongeza salio kulikuwa usumbufu kwa mtu anayekimbilia kazini. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Hata hivyo, mhadhara huu unashika sababu nyingine, kwa kuwa ndiyo inayorudi tena na tena pale biashara zinapohamia mifumo ya kidijitali: walioagiza mfumo hawakuijua kazi waliyokusudia kuibadilisha.

Matatu nyingi haziendeshwi kwa mshahara. Dereva na kondakta huchukua gari alfajiri wakijua kiasi ambacho mwenye gari anakisubiri jioni. Katika makusanyo ya kutwa watatoa hesabu hiyo, mafuta, ada za stendi, ujira wa vijana wanaoita abiria, kuosha gari, na hongo za barabarani ambazo hazina risiti. Kinachobaki ndicho chakula cha watoto wao. Nauli nayo haina bei moja. Asubuhi watu wakiwahi kazini iko juu, saa nne inashuka, mvua ikinyesha inapanda ghafla. Dereva akichoka humwachia mwenzake usukani kwa raundi mbili tatu, na huyo hulipwa pale pale. Mpango huu wote, wenye bei, ujira na madeni yake, huendeshwa kwa noti zilizokunjwa na kubanwa katikati ya vidole vya kondakta.

Kadi ilichukua nauli yote na kuipeleka kwenye akaunti ya mwenye gari. Katika maelezo ya mradi hayo yalikuwa mafanikio matupu: uwazi, kodi, mwisho wa fedha kupotea njiani. Kwa kondakta yalikuwa kufika kituo cha mafuta bila shilingi mfukoni. Swali la atalipwa vipi, lini na nani, baada ya fedha kuacha kupita mkononi mwake, halikupata jibu la kumridhisha. Makondakta wakaendelea kudai taslimu, na hakuna mashine iliyoweza kuwashawishi vinginevyo.

Leo abiria wengi wa Nairobi hulipa nauli kwa M-Pesa. Janga la korona lilichangia, kwani kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka huo miamala isiyozidi shilingi 1,000 haikutozwa ada. Lakini kuna jambo kubwa zaidi: mara nyingi fedha hizo huingia kwenye simu ya kondakta mwenyewe. Ananunua nazo mafuta, anamlipa kijana wa stendi, jioni anamtumia mwenye gari hesabu yake.

Wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya mitaa yetu yenye uchumi usio rasmi waitazame kampuni ya Hershey ya Marekani, mtengenezaji mkubwa wa chokoleti. Ilitaka kufunga mifumo mitatu mikubwa kwa pamoja. Kazi iliyokadiriwa kuchukua miezi 48 ikabanwa ndani ya miezi 30, na mfumo ukawashwa Julai 1999, wakati oda za msimu wa Halloween zinaanza kumiminika. Chokoleti zilikuwapo. Shida ni kwamba msimu ukipamba moto wafanyakazi walikuwa na desturi ya kuhifadhi mzigo wa ziada katika vyumba na maghala ya muda, na sehemu hizo hazikuwa zimeingizwa zote kwenye mfumo. Kompyuta haikuona mzigo ambao mtu wa ghala angeweza kuuonyesha kwa kidole. Oda za zaidi ya dola milioni 100 hazikuwafikia wateja kwa wakati.

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, nalo lina mzigo usioonekana na kompyuta. Mfanyabiashara wa jumla huwatolea wateja wake anaowaamini bidhaa kwa mali kauli, walipe wakishauza. Ukimletea programu ya stoo inayojua mambo mawili tu, mzigo uliouzwa na mzigo uliopo, karani atalazimika kuandika uongo kila siku. Akiandika kwamba mzigo umeuzwa, droo haitalingana na hesabu. Akiuacha kama upo, rafu zitamsuta. Baada ya wiki chache daftari la zamani hurudi chini ya kaunta, na ndilo linaloaminiwa. Si haki kumwita karani huyo mpinga maendeleo. Yeye ndiye anayeilinda biashara isipoteze madeni yake.

Mkasa wa benki ya TSB ya Uingereza unaonyesha sura nyingine ya kutojua: viongozi kutofahamu kama kazi imekamilika. Benki hiyo ilinunuliwa mwaka 2015 na Sabadell ya Hispania, na ikapaswa kuwahamisha wateja wake zaidi ya milioni tano kutoka mfumo wa mmiliki wa zamani, Lloyds, kwenda mfumo mpya. Uhamisho ulifanyika wikiendi moja ya Aprili 2018. Huduma zilipofunguliwa Jumapili jioni, wapo wateja walioona akaunti za watu wengine. Hadi wateja milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje, na mambo hayakutengemaa kikamilifu hadi Desemba. Mkurugenzi mtendaji aliondoka Septemba mwaka huo. Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65.

Uchunguzi huru wa wanasheria wa Slaughter and May ulifichua mambo yanayostahili kusomwa na kila bodi ya wakurugenzi. Tarehe ilipangwa kwanza, kisha kazi ikakunjwa iingie ndani yake. Mfumo ulikuwa na vituo viwili vya data, lakini majaribio ya mzigo mkubwa yalifanywa kwenye kimoja tu. Kampuni ya teknolojia ya Sabadell ilithibitisha kwamba iko tayari, nayo ikitegemea makandarasi wake wengi, na uthibitisho huo ukapokewa bila maswali makali ya kutosha. Waliojua hali halisi walikuwa tabaka kadhaa chini ya meza iliyofanya uamuzi.

Kinga, basi, inaanza kabla ya kutangaza zabuni. Anayeagiza mfumo akae kaunta, stoo na stendi hadi aone mwisho wa mwezi mmoja, kwa sababu kazi ya mwisho wa mwezi si ile ya siku za kawaida. Aulize nani anaishi kwa utaratibu wa sasa, na atakosa nini. Kama mtu atapoteza kipato, makubaliano ya malipo yake mapya yawepo kabla mashine ya kwanza haijanunuliwa.

Kisha majaribio yawe na uhuru wa kubadilisha mradi wenyewe. M-Pesa ilianza kujaribiwa Kenya mwaka 2005 kama njia ya wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kulipa marejesho ya mikopo. Watu wakaitumia kwa mengine: wakatumiana fedha, wakalipiana mikopo, wakanunua muda wa maongezi. Wahasibu wa Faulu walihangaika kulinganisha miamala ya simu na vitabu vyao. Waanzilishi wangeweza kuwalazimisha watu warudi kwenye mpango. Badala yake waliweka mikopo kando, wakafuata kile ambacho watu walikuwa wakikifanya tayari, na Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ikazindua huduma ya kutuma fedha nyumbani.

Kwa kampuni inayojiandaa kuhama mfumo mwaka huu, mambo haya yanaandikika kwenye mkataba. Tarehe ya kuwasha ifuate matokeo ya majaribio, na atajwe mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuahirisha bila kuadhibiwa. Mfumo wa zamani uachwe ukifanya kazi sambamba hadi vitabu vya mifumo yote miwili vilingane. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yazuiwe hadi wahasibu wa kampuni wafunge hesabu za mwezi mzima peke yao, bila fundi wake kukaa pembeni.