Akiba Haiozi: Maneno kwa Wazazi na Waalimu

(Maneno haya yalisemwa na mwalimu mzee mmoja mbele ya mkutano wa wazazi na waalimu, siku ya pili ya sikukuu ya Jubilei.)



Jana tulisikia habari za mambo makubwa, jinsi makanisa yalivyojengwa na shule zilivyofunguliwa. Mimi nimepewa kazi iliyo ndogo zaidi, nayo ni kusema habari za sufuria, na debe la mahindi, na fedha iliyofungwa katika pindo la kanga. Walakini msidhani kwamba haya ni mambo ya kudharauliwa. Nimeona nyumba nyingi zikianguka, wala hazikuangushwa na tufani. Ziliangushwa na vitu vidogo vidogo vilivyopotea kila siku bila ya mtu kuviona.

Kwanza nitaungama kosa langu mwenyewe, maana si vema mtu kuwafundisha wengine kana kwamba yeye hakukosa kamwe.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana, nami nilikuwa nimeoa mwaka mmoja tu. Mshahara ulikuwa mdogo, ni kweli, tena siku zile bidhaa zilikuwa adimu na bei zilipanda. Lakini kwangu mimi mshahara haukufika tarehe 10. Siku ya kupokea nilikuwa bwana mkubwa, nikiwakirimu rafiki zangu na kununua shati jipya. Ilipofika tarehe 15 nilikuwa nikipita njia ya nyuma ili mwenye duka asinione, kwa kuwa jina langu lilikuwa katika daftari lake la madeni. Mke wangu alinisihi tuketi pamoja tuhesabu. Nikamjibu kwa kiburi kwamba fedha ya mwanamume haihesabiwi na mke.

Basi jioni moja ikaja habari kwamba mama yangu ni mgonjwa sana, nami niende upesi. Kwetu ni safari ya siku mbili. Nilitafuta mifukoni, sikuona kitu. Nikaenda kwa rafiki zangu niliokula nao mwanzo wa mwezi, kila mmoja akanionyesha mifuko yake mitupu. Mwenye duka alifungua lile daftari, akaliweka mbele yangu, wala hakusema neno. Nikarudi usiku, nikaketi uani na kulia.

Mke wangu akaingia jikoni, akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalimimina juu ya mkeka. Zikatoka sarafu, na noti zilizokunjwa vidogo. Kumbe kila siku alipopika alikuwa akitoa konzi moja ya mchele au ya unga na kuiweka kando, na kilipojaa kibaba alikiuza kwa jirani. Nauli ikatosha, ya kwenda na ya kurudi. Nilimkuta mama yangu yu hai. Nilikaa naye siku tatu, akaniita kwa jina langu na kuniaga. Siku ya nne nilimzika.

Ndugu zangu, siku tatu zile zilinunuliwa kwa konzi za mchele. Tangu hapo sikuweza tena kuicheka akiba ndogo.

Niliporudi tulinunua daftari. Upande mmoja tuliandika kila kilichoingia, na upande wa pili kila kilichotoka, hata sanduku la kiberiti. Mwezi wa kwanza tuliona aibu, maana tulikuwa hatujui fedha yetu inakokwenda. Tukajifunza jambo moja, nami nawapa leo kama urithi: akiba hutolewa kwanza, kabla ya kutumia. Anayengojea kuweka kile kitakachobaki hataweka kitu, kwa kuwa hakibaki. Mwenye kuweka shilingi 500 kila siku, mwisho wa mwaka atakuwa na shilingi 182,500. Pengine atasema, "Shilingi 500 ni nini?" Na aende sokoni mwezi wa Januari, wakati wa kununua sare na madaftari ya watoto, ndipo atakapojua.

Jambo hili si geni kwa watu wa kanisa. Mwaka 1810, katika kijiji cha Ruthwell nchi ya Scotland, mchungaji mmoja aitwaye Henry Duncan aliona kwamba benki za wakati ule zilikataa fedha za maskini, kwa sababu zilitaka mtu aanze na pauni 10. Akawafungulia watu wa mtaa wake benki ya akiba, iliyopokea hata nusu shilingi. Katika nchi ya Mizoram, huko India, tangu mwaka 1910 wanawake wa kanisa huweka kando konzi ya mchele kila wapikapo, na kwa mchele huo kazi nyingi za kanisa lao zimefanyika. Tena mwaka 1991, katika nchi ya Niger, wanawake wa vijiji vya upande wa Maradi walianza vikundi vya kuweka na kukopeshana, na mfano wao umeenea katika nchi nyingi za Afrika.

Sisi nasi tunavyo vikundi vya namna hiyo, tena wengi wenu ni wanachama. Watu 15 hata 30 wajuanao hukutana kila juma, na kila mmoja hununua hisa. Fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Mwisho wa mwaka hugawanywa pamoja na faida. Hapo ndipo penye nguvu ya kikundi: si katika wingi wa fedha, bali katika kuhesabu mbele ya watu. Kikundi kilichoacha kuhesabu mbele ya watu, ondokeni upesi.

Sasa nataka kusema habari za mavuno. Mwezi wa Julai mahindi ni mengi na bei iko chini, nasi twauza gunia kwa gunia. Mwezi wa Februari ghala ni tupu, nasi twanunua mahindi yale yale kwa debe, kwa bei iliyopanda sana, pengine mara mbili. Huku ni kujiuzia njaa wenyewe. Kabla ya kuuza, hesabuni vinywa vya nyumbani na miezi iliyobaki, mkatenge chakula chenu. Kitakachozidi ndicho cha kuuzwa.

Na mahindi yakaushwe sawasawa. Chukueni chupa kavu, mtie mahindi na chumvi kavu kidogo, mtikise, kisha mwache kidogo. Chumvi ikishika pembeni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudisheni juani. Maana yuko adui, dumuzi yule aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaitwa "Scania" na watu. Hugeuza gunia zima kuwa vumbi. Mifuko isiyopitisha hewa, ikifungwa vizuri, humnyima pumzi naye hufa. Bei yake ni kubwa kuliko ya mfuko wa kawaida, walakini mfuko wa bei ndogo uliojaa vumbi ni ghali zaidi.

Jikoni napo pana akiba. Maharage yakilowekwa usiku kucha hula mkaa kidogo. Sufuria yenye kifuniko huchemka upesi. Chakula kikiisha kuiva, mkaa uliobaki na uzimwe, usiachwe uishe bure. Mwenye uwezo na anunue sukari na sabuni kwa kipimo kikubwa, kwa kuwa anayenunua kila siku kwa kipimo kidogo hulipa zaidi kwa kitu kile kile. Hata fedha ya simu ni hivyo: kutoa kidogo kidogo mara nne mara nyingi hukatwa zaidi kuliko kutoa mara moja.

Lakini angalieni, akiba si ubahili. Nimeona nyumba ambayo mayai yote na maziwa yote huuzwa, na watoto hula ugali kwa chumvi, kisha baba husema, "Mimi naweka akiba." La, huyo anawala watoto wake. Mtoto asiyepata dagaa wala maharage wala mboga katika miaka yake ya kwanza hudumaa, na hasara hiyo hailipwi na fedha yoyote baadaye. Akiba na ianzie katika pombe, na kamari ya simu, na mapambo, isianzie katika sahani ya mtoto.

Na sasa nitasema neno ambalo pengine halitawapendeza. Natazama mbele yangu naona vitenge vya Jubilei, vizuri mno, nami ninalo shati la kitenge hicho hicho. Walakini najua, kwa kuwa mmeniambia wenyewe, ya kuwa baadhi yenu mmekikopea. Wako waliokwenda kwa wakopeshaji wale ambao watu huita "kausha damu". Tuhesabu pamoja. Mtu akikopa shilingi 100,000 na kutakiwa kurudisha 130,000 baada ya mwezi, naye akawa hana, akalipa zile 30,000 tu kila mwezi ili asinyang'anywe kitanda, mwisho wa mwaka atakuwa amelipa 360,000, na deni la 100,000 liko pale pale. Je, kitenge gani chenye thamani hiyo? Mama mmoja wa mtaa wetu hakuja leo. Hakuumwa, wala hakufiwa. Alikosa sare, akaona haya kukaa katikati yenu. Nasema mbele ya Baba Askofu kwamba aibu hiyo si yake, ni yetu sisi tuliofanya nguo kuwa mlango wa sikukuu. Harusi, kipaimara na misiba tumeifanya vile vile. Naomba kamati za mitaa zisipange tena sare bila ya kutangaza wazi kwamba asiye nayo anakaribishwa sawa na aliye nayo.

Waalimu wenzangu, ninyi mnatazamwa. Mtoto akimwona mwalimu wake akipita nyuma ya duka, hesabu zote za ubaoni ni bure. Wafundisheni hesabu kwa mambo ya nyumbani: bei ya debe wakati wa Julai na wakati wa Februari, faida ya mkopeshaji, gharama ya mkaa wa mwezi. Nanyi akina baba, ketini na wake zenu mhesabu. Mimi nilichelewa kujifunza, nikafundishwa na kopo la maziwa.

Kopo lile liko nyumbani hata leo. Limeshika kutu, na kifuniko chake kimepotea. Kila asubuhi mke wangu bado hutia konzi yake ndani, ingawa sasa sisi ni wazee wawili tu. Wajukuu wakimwuliza sababu, huwajibu, "Babu yenu ataniuliza nauli siku moja."