Mgonjwa wa Kwanza Akifika Usiku

(Muziki wa kipindi. Unashuka, kisha unazimwa.)

Wasikilizaji wetu mlioko makambini, Tanzania, Uganda na Rwanda, pamoja na wenyeji mnaopakana na kambi, mvua zinakaribia, na leo tunazungumza juu ya kipindupindu. Habari za kunawa mikono na kuchemsha maji mmezisikia hapa, na mtazisikia tena. Leo tuitazame zahanati. Ile iliyo karibu na nyumba yako, iko tayari kumpokea mgonjwa wa kwanza akiletwa saa nane za usiku?

Wengi wenu mnaikumbuka Kagunga. Ni kijiji cha wavuvi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, milima nyuma na maji mbele. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikwama pale wakingoja meli ya MV Liemba na vyombo vingine viwapeleke Kigoma. Vyoo havikutosha, maji safi hayakutosha. Kipindupindu kikaingia. Katika wiki chache wagonjwa walifikia maelfu, na watu wapatao 30 wakafariki. Misaada ilifika, lakini kila dumu na kila katoni ya dawa ilibidi ipite majini huku watu wanaharisha.

Ugonjwa huu hauvumilii kungoja. Aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza lita nzima ya maji ya mwili kwa saa moja, na mtu mzima mwenye nguvu akafariki siku hiyo hiyo. Hata hivyo tiba yake si ya ajabu. Wagonjwa walio wengi wanapona kwa kunywa ORS tu. Waliozidiwa ndio wanaohitaji dripu. Palipo na maandalizi, anakufa chini ya mgonjwa 1 katika 100. Pasipo na tiba, nusu ya waliozidiwa wanaweza kufa.

Sasa, ukiniuliza nianze kukagua wapi, sitaanza na stoo ya dawa. Nitafungua bomba. Mgonjwa mmoja wa kipindupindu anahitaji lita 60 za maji kwa siku: ya kunywa, kumwosha, kufua, kusafisha sakafu. Hayo ni madumu matatu ya lita 20. Wagonjwa kumi, madumu thelathini, na ndugu wanaowauguza hatujawahesabu. Kama bomba la zahanati linakauka kiangazi na hakuna tangi, basi zahanati hiyo bado.

Kisha uliza wagonjwa watalazwa wapi. Wanatakiwa wawe na hema au chumba chao, na choo chao, klorini mlangoni, na vile vitanda vyenye tundu na ndoo chini yake. Na uliza ufunguo wa stoo unalala wapi. Katoni za dripu hazimsaidii mtu ikiwa mwenye ufunguo amerudi mjini jioni. Kambi ni kubwa. Toka nyumba za pembeni mpaka hospitali ni mwendo mrefu, na gari la wagonjwa halifiki mara moja. Ndiyo maana vituo vidogo vya kunyweshea ORS, katikati ya nyumba zenu, ni vya lazima. Kwa maoni yangu vinaokoa watu wengi kuliko hema moja kubwa lililo mbali.

Liko jambo jingine, nalo halisemwi sana. Watu huwaficha wagonjwa. Mama anaogopa mwanawe atachukuliwa akafungiwe, asimwone tena. Hofu hiyo haiondoki kwa kukaripiwa. Zahanati iliyojiandaa inatangaza mapema kwamba ndugu mmoja ataruhusiwa kukaa na mgonjwa, na inaeleza kwa Kirundi, Kiswahili au Kibembe kinachofanyika mle ndani.

Maswali haya yapelekeni kwenye kikao cha kamati ya afya na kwa viongozi wa kijiji chenu kambini, wiki hii, kabla ya mvua. Wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba nao waulizeni. Si utovu wa adabu kuuliza.

Na mtu akianza kuharisha maji yanayofanana na maji ya mchele, usingoje kupambazuke. Mnyweshe ORS mkiwa njiani, kidogo kidogo, hata kama anatapika. Mtoto anyonye kama kawaida. Kama pakiti hakuna: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe sawasawa, visijae kilima. Yakibaki mpaka kesho yake, yamwage, utengeneze mengine.

(Muziki unapanda.)