Usafiri wa Abiria Karagwe na Kyerwa: Tumhesabu Pia Asiyesafiri



Kila tunapozungumzia usafiri katika wilaya zetu mbili, tunaanza kwa kuhesabu magari. Mimi naomba tuanze na watu. Ukisimama na dodoso lako stendi ya Kayanga au Omurushaka asubuhi, utawahoji waliokwisha kufika barabarani. Aliyebaki Kaisho kwa kukosa nauli, au kwa sababu mvua imekata njia, humwoni. Utafiti wa stendi peke yake utatuletea jibu kwamba usafiri unatosha, na bajeti itapangwa kwa jibu hilo.

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini safari za watu hazikumegwa. Wapo wa Nkwenda na Murongo, upande wa Kyerwa, wanaofuata huduma Karagwe, kama Omurushaka na Hospitali ya Nyakahanga, hata Bukoba. Kwa hiyo halmashauri zote mbili zifanye utafiti wa usafiri pamoja.

Suala la nauli lina uzito wake. Desemba 2023 kilianza kutumika kikomo cha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) cha shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita, kwa mabasi ya masafa marefu ya daraja la kawaida kwenye lami. Kwa kikomo hicho, kilomita 59.1 za barabara ya Kyaka hadi Bugene hazifiki shilingi 2,900. Abiria akishuka hapo na kupanda bodaboda kwenda kijijini, bei ni maelewano, na giza likiingia au mvua ikinyesha maelewano hayo hayamwegemei yeye. Ndiyo maana dodoso liulize gharama ya safari nzima, kuanzia mlangoni kwake.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mama mwenye uchungu anapakiwa mshikaki usiku, dereva mbele, wifi yake nyuma amemkumbatia asidondoke, pikipiki ikikwepa makorongo kuelekea kituo cha afya. Wakifika salama, kwenye takwimu zetu hiyo ni safari iliyofanikiwa. Sikubali iandikwe hivyo. Usalama na heshima ya abiria viwe na safu yavyo kwenye fomu.

Wahojiwa tutawapataje? Kliniki ya wajawazito inajua nani hakurudi tarehe aliyopangiwa. Aulizwe kwa nini. Mtendaji wa kijiji anazijua kaya za wazee na wenye ulemavu. Siku ya gulio tuwaulize wenye mikungu ya ndizi, na tuwafuate pia waliouza shambani kwa bei ya chini kwa sababu gari halifiki. Leseni za bodaboda LATRA imezikasimu kwa halmashauri, basi madereva nao tukutane nao vijiweni kwao, maana wanaijua njia kuliko sisi.

Napendekeza tuanze na njia ya Omurushaka–Nkwenda–Murongo, mara mbili: masika, kisha msimu wa kahawa wakati mkulima ana fedha mkononi. Tofauti ya majibu ya vipindi hivyo viwili, pamoja na sababu anayoitaja mhojiwa, itatusaidia kuona nani anazuiwa na barabara na nani anazuiwa na nauli.