Mkono Mmoja Haulei Mwana: Tuwasomeshe Walezi Wetu

Hotuba ya Kamati ya Elimu na Ustawi wa Jamii kwa wana-Lushoto waishio Dar es Salaam, Mkutano Mkuu wa Mwaka na Harambee



Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena tukiwa wazima. Tunawashukuru wanachama wote mliolipa ada na kutimiza ahadi zenu za mwaka uliopita. Taarifa ya fedha mmekwisha kusomewa na Mweka Hazina, kwa hiyo hatutairudia. Kamati yetu imepewa nafasi hii iwaeleze kwa nini harambee ya mwaka huu si ya mabati wala madawati. Mwaka huu tunachangia mafunzo ya vijana wetu katika kulea watoto wadogo na kuwahudumia wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu.

Tunajua baadhi yenu mlishangaa mlipopata kadi. Wapo waliotuuliza waziwazi: kulea nako kunasomewa? Mama zetu walitulea bila cheti na leo tumekuwa watu wazima wenye familia zetu. Swali hilo ni la haki, na tunaomba tulijibu kabla bahasha hazijaanza kuzunguka.

Kazi ipo, na vijana wetu wanaifanya tayari

Hakuna asiyejua kwamba mabasi yanayoshuka kutoka Lushoto kupitia Soni na Mombo hubeba karoti, kabichi na viazi, na hubeba pia mabinti zetu. Wengine wamemaliza darasa la saba, wengine kidato cha nne na matokeo hayakuwaruhusu kuendelea. Wanakuja Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani, na sehemu kubwa ya kazi hizo ni kulea watoto wa watu. Wengine huenda mbali zaidi, hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba, na huko hukabidhiwa watoto na wazee ambao hawajui hata lugha yao.

Sasa tujiulize. Kijana anayetaka kuwa fundi magari hakabidhiwi injini siku ya kwanza. Hushika spana, huosha vyuma, humtazama fundi wake miezi na miezi. Anayejifunza cherehani huanza kwa kushona vifungo na kupiga pasi. Lakini binti anashuka Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi jioni, na kesho yake alfajiri anaachiwa mtoto wa miezi minne, mlango unafungwa, mama na baba wanakwenda kazini mpaka usiku. Gari tunaliogopea kuliko mtoto?

Ama kuhusu mama zetu, ukweli ni kwamba walisoma. Chuo chao kilikuwa boma lenye bibi, shangazi na mama wakubwa. Binti alimbeba mdogo wake mgongoni huku mtu mzima yuko hatua tatu tu kutoka alipo. Akikosea anarekebishwa papo hapo. Mtoto akichemka usiku, bibi anaamshwa. Huo ulikuwa uanagenzi kamili, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Wahenga hawakukosea waliposema mkono mmoja haulei mwana. Binti aliye peke yake ndani ya nyumba yenye geti huko Sinza au Tabata hana bibi wa kumuuliza. Yule mwalimu aliyekuwa nyumbani hayupo, na mafunzo tunayoyaomba yanakuja kujaza nafasi yake.

Kinachofundishwa ni kipi

Tusizungumze kwa ujumla. Mlezi wa mtoto mchanga anatakiwa ajue kwamba kwa miezi 6 ya kwanza mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee, hata maji hapewi, na ajue namna ya kutunza kwa usafi maziwa yaliyokamuliwa mama anapokwenda kazini. Ajue kumlaza mtoto chali. Ajue kwamba mtoto mchanga hatikiswi hata alie namna gani, kwa sababu ubongo wake huumia. Mtoto akiharisha, ajue pakiti moja ya dawa ya kuongeza maji mwilini huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama, si kikombe na si ndoo, na kwamba kituo cha afya humwongezea vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akipaliwa, ajue kumlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, na kumpiga mgongoni mara 5 kati ya mabega, kisha kumgeuza na kumbonyeza kifuani mara 5. Mambo haya mtu hayasomi kwenye karatasi siku ya hatari. Huyafanyia mazoezi mpaka mikono iyazoee.

Kwa sisi watu wa milimani liko jambo jingine. Baridi ya Magamba na Shume mnaijua. Jiko la mkaa likiachwa linawaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na waliolala humo huenda wasiamke. Mlezi aliyefundwa hafanyi hivyo, na hamruhusu mwingine afanye.

Kisha kuna kuzungumza na mtoto, kumwimbia, kumchezesha kwa vizibo, mabunzi na vitambaa. Huko ndiko mtoto anakopata lugha na akili ya kwanza. Serikali ililitambua hilo ilipozindua mwezi Desemba 2021 programu ya taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu mimba hadi miaka 8.

Kuhudumia wazee nako kuna elimu yake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, la sivyo hupata vidonda vya mgongo na nyonga ambavyo ni vigumu kupona. Mwenye kisukari hukaguliwa nyayo kila siku. Mzee hulishwa akiwa ameketi, si amelala. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukawa mzito ghafla, hicho ni kiharusi na hospitali ni saa ileile. Na mzee anayesahau majina ya wanawe au kutembea usiku bila kujua aendako ana ugonjwa wa ubongo. Hana uchawi wala ukorofi. Mlezi anayelijua hilo humlinda mzee wake na maneno ya watu, na wakati mwingine humwokoa na mabaya zaidi ya maneno.

Wazee hao ni wetu. Sisi tuko hapa, wao wako kule kwenye miteremko, na mara nyingi wanaowasaidia ni wajukuu ambao bado wanatakiwa shuleni. Kila mmoja wetu hutuma fedha kwa simu. Lakini fedha haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Milima yetu si migeni kwa kazi hii

Ndugu zetu, Usambara ina historia ndefu ya kutunza wasiojiweza. Lutindi, upande wa Korogwe, ilianzishwa mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne iliyofuata ikawa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili, mpaka leo. Irente pana kituo cha kulea watoto wachanga na shule ya wasioona. Kwa hiyo tunapotafuta mahali pa vijana kujifunza kwa vitendo, hatuanzi kutoka mbali. Tunakusudia kuziomba taasisi za namna hii, pamoja na hospitali na vituo vya watoto, ziwapokee wanagenzi wetu.

Vyuo navyo vipo. Ukifika Mombo ukashika barabara ya Moshi utafika Kisangara, wilayani Mwanga, ambako kwa miaka mingi wamefundishwa walezi wa vituo vya watoto wadogo mchana. Pale pana kampasi ya Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ile yenye makao yake Kijitonyama. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi nje ya darasa, na wapishi, waashi na maseremala wengi wamepata vyeti kwa njia hiyo. Mwaka 2017 nchi yetu ilipata Mwongozo wa Taifa wa Uanagenzi, unaoeleza namna kijana anavyojifunza sehemu chuoni na sehemu kazini chini ya mtaalamu. Njia imechorwa. Kilichobaki ni nauli, ada na mtu wa kumshika kijana mkono.

Mpango wenyewe

Kamati inapendekeza tuanze na vijana 12. Wote wawe wametimiza miaka 18, na wasiwe mabinti peke yao. Mzee wa kiume anayehitaji kuogeshwa mara nyingi angependa amhudumie mwanamume, na kumwinua mgonjwa kunahitaji nguvu. Nafasi zigawanywe kwa tarafa ili isionekane tumependelea upande mmoja. Mabinti waliokatishwa masomo kwa kupata watoto wapewe nafasi sawa na wengine. Tangu Novemba 2021 Serikali imewafungulia mlango wa kurudi shuleni, na sisi tusiufunge wa ufundi.

Hatua ya kwanza ni chuo: makuzi ya mtoto, lishe, huduma ya kwanza, kuwatunza wazee, haki na usalama wa mtoto. Hatua ya pili ni uanagenzi katika kituo cha watoto, hospitali au makao ya wazee. Kila mwanagenzi atakuwa na mlezi mzoefu wa kumfundisha, daftari la stadi linalosainiwa kila anapoiweza kazi, na posho ya kujikimu ili njaa isimkimbize. Hatua ya tatu ni ajira yenye mkataba, au kurudi nyumbani. Tunataka angalau 4 kati ya hao 12 warudi na kufungua vituo vya kulelea watoto mchana vilivyosajiliwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotaka. Mama anayepanda bustani ya mboga atafanya kazi bila kumwacha mtoto mdogo ukingoni mwa mto, na mchana walezi hao wanaweza kuwapitia wazee wa kitongoji.

Hapa tunafika kwenye jambo gumu, na tunaomba mtuvumilie. Fedha peke yake haitoshi, kwa sababu waajiri wa vijana hawa wengi ni watu kama sisi tuliokaa humu ukumbini. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na ile ya mwaka 2022 ikakipandisha hadi 60,000. Hicho kilikuwa kiwango ambacho sheria haikuruhusu mtu kushuka chini yake. Hakikuwekwa ili kiwe zawadi kwa mtu aliyekabidhiwa roho ya mwanao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na haikusema kwamba anayefanya kazi jikoni hahusiki.

Kwa hiyo pamoja na bahasha tumeweka karatasi ya ahadi. Mwanachama atakayemwajiri mhitimu wetu anaahidi mkataba wa maandishi, mshahara unaolingana na cheti, siku ya mapumziko kila wiki, na simu kwa wazazi wake bila kizuizi. Asiyeweza kusaini bado ni ndugu yetu na mchango wake tutaupokea kwa mikono miwili, ila hatutampelekea mwanagenzi.

Michango itakwenda wapi

Itakwenda kwenye ada, malazi, sare, nauli, bima ya afya, posho ya uanagenzi na vifaa vya mazoezi: mwanasesere wa huduma ya kwanza, mashine ya kupima presha, kitanda cha kujifunzia kumgeuza mgonjwa. Fedha zitaingia kwenye akaunti ya chama, kila mchango una stakabadhi, na ada italipwa moja kwa moja chuoni. Kila baada ya miezi mitatu matawi yatapata taarifa ya kila kijana: yuko wapi, amefikia stadi ipi, amebakiwa na nini.

Tunaomba familia zinazoweza zichukue kijana mmoja mzima. Zisizoweza ziungane tatu au nne. Vijana wa vyuo vikuu changieni sare au nauli. Wauguzi, walimu wa chekechea na maafisa ustawi wa jamii mlio wana-Lushoto, mchango tunaouhitaji zaidi kwenu ni muda: njooni mfundishe, njooni msaini madaftari.

Ndugu Mwenyekiti, madarasa tuliyojenga miaka iliyopita yamesimama na tunajivunia. Watakaoingia humo miaka ijayo leo wako mgongoni mwa mtu, na waliotujengea msingi wako kitandani wakisubiri kugeuzwa. Tunaomba mtusaidie ili anayewashika awe amefundishwa kuwashika, na awe analipwa kwa haki.

Bahasha na karatasi za ahadi ziko kwa makatibu wa matawi, na Mweka Hazina yuko mezani tayari kuandika stakabadhi.