Rais Asiyependwa na Wajibu wa Askari



Mnamo Julai 1973, Idi Amin alimpelekea Rais Richard Nixon wa Marekani telegramu kutoka Kampala, akimtakia apone upesi kutokana na kashfa ya Watergate. Ulimwengu ulicheka, lakini kashfa ile ilikuwa na somo ambalo Amin hakuliona.

Nixon alikuwa ameshinda uchaguzi wa 1972 katika majimbo 49 kati ya 50. Kufikia Agosti 1974, uchunguzi wa Gallup ulionyesha kwamba Wamarekani 24 tu katika kila 100 ndio waliomuunga mkono. Wananchi walimlaumu hadharani, na Mahakama ya Juu ikamwamuru akabidhi kanda alizozizuia. Yeye ndiye aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu. Hata hivyo hakuna kikosi kilichotoka kambini kuwanyamazisha raia, wala kumpindua. Tarehe 9 Agosti alijiuzulu, akarudi kwao.

Je, hapa kwetu? Aliyethubutu kumlaumu Amin alikamatwa, na maelfu waliuawa. Waliotumwa kukamata walikuwa askari. Mwisho wake ulikuja kwa mizinga, Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Bwana mkubwa alikimbilia ng'ambo. Askari wengi waliomtumikia waliachwa nyuma, wakauawa au wakafungwa.

Ndugu askari, raia anayemlaumu mtawala si adui wa nchi. Watawala hupita, raia na sheria hubaki, na hao ndio mnaowalinda.